Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Dolno Brestovo,
Jumapili, baada ya mavuno ya zabibu

Mdogo wangu mpendwa Radostin,

Pokea salamu za nyumbani, ambako mvua imeanza na mbwa wa Ganka bado anabwekea kivuli chake. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Elitsa, na kwamba mtoto ameacha kulia usiku sasa meno yameota. Sisi hatujambo. Na kabla sijasema lingine: mama yu hai. Anakula, anagomba, na leo asubuhi amenifukuza uani akisema nachoma hoho kama mtu wa mjini. Najua nilikueleza hivyo hivyo ulipopiga simu ukilia, lakini wewe na simu hamna subira, kila nikianza jambo unanikatiza. Karatasi haikatizwi. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Ile picha uliyoiona kwenye mtandao wa dalali ni ya kweli. Yule dalali, Tihomir, alipokuja mara ya kwanza kuitazama nyumba, alimwomba mama abandue tanzia ya baba pale getini, ile karatasi yenye picha yake tuliyoibandika alipotimiza miaka mitatu tangu afe, kama desturi yetu, akidai kwamba wageni wanaogopa karatasi za marehemu. Mteja mmoja, alisema, alimwuliza kama yule mzee mwenye masharubu anagombea udiwani. Mama alimpa kahawa, akamwuliza kama ameoa au bado anahangaika. Kesho yake alipanda basi la mjini Tarnovo peke yake, na jioni geti lilikuwa na tanzia mbili, ya baba na ya kwake mwenyewe. Jina lake kamili, msalaba, picha aliyopigwa kwenye harusi yako, mwaka wa kuzaliwa, na pale pa tarehe ya kufa pameachwa wazi. Tihomir aliporudi na kamera alikuwa na haraka kama kawaida yake. Alipiga picha geti, akapiga mizabibu, akaondoka bila kusoma, na ndiyo maana ukamwona mama ukiwa Dublin.

Majirani hawakukosa la kusema. Ganka alisimama njiani, akafanya ishara ya msalaba, kisha akamwona marehemu anamwagilia nyanya. Akamwuliza huko ahera wanapanda nyanya aina gani. Mama akamjibu kuwa ni hizi hizi, ila kule wambea hawaruhusiwi kuingia.

Mimi sikucheka. Nilimwuliza kwa nini amefanya vile, na nakuandikia jibu lake kama lilivyotoka kinywani mwake: "Mwanangu, nyumba ikishauzwa, geti si langu tena. Wewe uko mjini, mdogo wako yuko ng'ambo. Nani atanibandika? Acha nijibandike mwenyewe wakati geti bado ni langu." Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia, na kuku wakanitazama.

Wewe unajua tulivyopanga, na sikusingizii. Mpango ulikuwa wako lakini nami niliukubali. Nyumba iuzwe, wewe upate cha kuanzia kununua fleti huko, na mama ahamie kwangu, vyumba viwili, ghorofa ya tano, lifti iliyokufa kabla ya baba. Umenilalamikia mara nyingi kwamba mtaa wako unanunuliwa na watu wasiowahi kulala hapo hata siku moja, na kwamba bei zinakukimbia kila mwaka. Nakuamini. Lakini watu wa Dublin wakifanyiwa hivyo unasema ni dhuluma, na wa Dolno Brestovo wakifanyiwa unasema ni soko. Mkuki kwa nguruwe.

Wanunuzi ni Waitaliano, Fausto na mkewe Ornella, wastaafu kutoka Ferrara. Pensheni yao kule inaishia kwenye gesi ya kupashia nyumba joto, na hapa wanaweza kuishi kama mabwana. Walipofika, Ornella alisimama getini akauliza hao kwenye karatasi ni nani. Tihomir, ambaye sasa ndiyo kwanza anazisoma na kudhani mama amefariki tangu waonane, akajibu kwa huzuni kwamba ndio waliokuwa wenye nyumba, Mungu awarehemu. Hapo hapo geti likafunguliwa na mama akatoka na sahani ya jamu ya plamu. Ornella akatazama picha, akamtazama mama, akajishika kifua. Mama alipoelewa alicheka mpaka akamshika mgeni mkono asianguke. Tangu tumzike baba sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Hawajui lugha moja, wale wawili, lakini tangu siku ile wanagombana jikoni kama ndugu.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nyumba imeuzwa, Alhamisi iliyopita. Nilitia saini kwa niaba yako, kwa ile hati uliyonitumia kupitia ubalozi. Ila mkataba si ule tuliozungumza. Mama amebaki na haki ya kuishi katika vyumba vya chini mpaka kufa kwake, nao Waitaliano wanakaa juu. Kwa sababu hiyo bei ilishuka, na fungu lako ni dogo kuliko nililokuahidi. Sikukuuliza kwa kuwa ungekataa. Ukasirike, una haki, nami hasira yako nitaibeba. Wazo lilikuwa la Ornella. Alisema kupitia kwa Tihomir kwamba yeye hawezi kumfukuza marehemu nyumbani kwake.

Lakini huruma yake ilikuwa na jambo nyuma yake, na hilo sijakwambia. Mama mzazi wa Fausto bado yuko Ferrara. Anaitwa Iolanda, ana miaka tisini na moja, na ameapa kwamba hatoki kwenye fleti yake ila kwa jeneza. Walikuwa wakitafuta mwanamke wa kukaa naye, amwogeshe, amlishe, amsikilize usiku. Kiwanda chetu cha kushona kilifungwa tangu majira ya kuchipua, nilikuficha. Radostin, mwanamke huyo ni mimi. Barua hii ikikufikia, nitakuwa nimeshapanda basi la Italia, na fleti yangu nimeipangisha. Mama wa Fausto atakuwa na mimi, na mama yetu atakuwa na Ornella. Nimeligeuza jambo hili huku na huku nikitafuta nani ametudhulumu, na sijampata. Hata hivyo linaniuma.

Nilidhani mama atalia. Alikuwa anamenya hoho, wala hakuinua kichwa. Alisema: "Nenda. Mtu wa kulala nyumba moja nami nimempata, hata kama hanielewi. Baba yako alinielewa, na hakunisikiliza hata siku moja."

Jana ilikuwa kumbukumbu ya baba, miaka minne. Mama alimfundisha Ornella kuchemsha ngano tunayokula kumkumbuka marehemu na kupika gundi ya unga, nyepesi, isiwe na madonge. Kisha akampa tanzia mpya akaibandike. Ornella akaibandika kombo, baba akaonekana ameinamia barabarani. Nilinyoosha mkono niiweke sawa, mama akanipiga kidole. Alisema tuiache, mwenzetu ndiyo kwanza anajifunza, na kwamba baba naye alikuwa akirudi kutoka kilabuni ameinama vile vile. Tukala ngano, tukamwaga pombe ya rakia kidogo chini kwa ajili yake. Ya kwake mwenyewe mama hajaibandua. Anasema imeshika vizuri.

Msalimie Elitsa, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Ukiweza kuja kwa Pasaka, njoo. Kitanda chako kiko juu kwa Waitaliano, lakini hawatakunyima. Usinipigie simu wiki hii, nipigie nikishafika na ukishapoa.

Mama anakusalimu sana. Amesema nikuandikie usihangaike kuhusu ile nafasi iliyoachwa wazi kwenye tanzia yake. Ameshamwonyesha Ornella mahali pa kujaza, na kalamu iko kwenye droo ya meza ya jikoni.

Ni mimi dada yako,
Zdravka