Migebuka kwenye sanduku la tope

Yunisi, usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia jikoni.

Unakumbuka wale samaki wakavu, migebuka, niliosema nitamfungashia bosi wangu Dada Asia akisafiri? Niliwaweka kwenye sanduku lake la chuo, lile la chupa za tope la ziwani. Nilidhani ni mzigo wa kawaida.

Leo afisa amekuja kulikagua kabla halijaenda nje ya nchi. Kibali ni cha tope tu. Samaki hawaruhusiwi kabisa.

Akawatoa. "Mtafiti mzima unaficha samaki chini ya tope?"

Nilikuwa nimesimama pale na chai. Samaki wamefungwa kwa kipande cha kitenge. Kipande kingine nimejifunga kichwani, Yunisi. Kichwani.

Dada Asia akaniangalia kile kitambaa. Anajua nimetoka kambi ya wakimbizi bila ruhusa, na afisa akinihoji nitarudishwa. Akasema, "Ni wangu. Nilisahau kuwaandika."

Mimi nikamimina chai, nikamwacha aseme hivyo.

Kibali kimechukuliwa, sanduku halisafiri tena. Masomo yake yote ni hilo tope.

Afisa alipoondoka, Dada Asia akakikunja kile kipande cha kitenge vizuri, akanirudishia, akaniomba chai nyingine. Imeshapoa hapa mbele yangu. Nashindwa kumpelekea.