Mkalimani wa Shemeji Yako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu katika Bwana, nikitumaini zitakukuta umeamka salama, wewe, watoto na baba yao. Goti lako linasemaje? Mara ya mwisho uliandika kuwa linakusumbua ukishuka jukwaa la kwaya, nikajiuliza kama kweli ni goti au ni wale wa sauti ya tatu. Sisi hatujambo. Shemeji yako amepungua kidogo, lakini usiwaambie watu kuwa simlishi. Kati ya nyumba yetu na kanisa kuna mlima, na yeye anaupanda mara nne kwa siku kana kwamba ameahidiwa zawadi kule juu.

Barua ya maombi tunayowaletea kila mwezi najua umeisikia ikisomwa kanisani. Yote yaliyomo ni kweli: tulianza na watu kumi na wanne, sasa viti havitoshi. Lakini ile husomwa mbele ya watu, na hii ni yako peke yako. Ukimaliza usiifiche ndani ya Biblia, maana mama mkwe wako huifungua Biblia yako kutafuta barua kuliko kutafuta mistari.

Shemeji yako bado anahubiri kwa lugha yetu. Lugha ya hapa imemkataa kabisa, dada. Miezi kumi na minne sasa, na neno pekee alilolimudu ni lile la moto, kwa sababu ya jiko letu la makaa, ambalo lina roho mbaya na kila asubuhi linazimika. Basi yeye hushika koleo, huenda kwa jirani, husimama mlangoni na kutamka neno lake moja, jirani hucheka, na anarudi na kaa lake. Mimi lugha nimeipata kwenye darasa la ushonaji ninalofundisha, kwa kukaa na wanawake chumba kimoja chenye vyerehani vitatu, siku nne kwa wiki. Ukikaa na wanawake wanaoshona, utajifunza hata usichotaka.

Kanisani tuna mkalimani. Ni mpima ardhi mstaafu, mjane, aliyewahi kufanya kazi nchini kwetu miaka sita na kuondoka na lugha yetu kichwani. Ni mrefu kama nguzo ya simu, ana koti moja la kahawia, na hacheki. Unanijua mdogo wako: mimi ndiye niliyekuwa nahesabu nyama chunguni kabla mama hajapakua. Mtu huyu machale yalinicheza tangu siku za mwanzo. Shemeji yako akizungumza dakika tatu, yeye anazungumza moja. Shemeji yako akipiga meza kwa ngumi, yeye anashusha sauti. Nikampa jina moyoni, Bwana Kifupi.

Kisha nikaona kuwa watu hawamtazami mhubiri, wanamtazama mkalimani. Shemeji yako akatoa ule mzaha wake wa Yona na nyangumi, unaujua, na badala ya kucheka, mama mmoja akatoa leso na kujifuta macho. Huyo ni mwanafunzi wangu, namwita Mama Vitufe kwa sababu huokota kila kitufe cha nguo kinachoanguka chini, ana kovu linaloanzia kwenye kifundo cha mkono na kupotelea ndani ya shati. Nani analia kwa ajili ya Yona? Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika tunachezewa. Siku moja nilidhani anawania uongozi na anatumia mimbari yetu kujipigia kampeni. Siku nyingine nilidhani anamsengenya shemeji yako hadharani. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na huyu tumemvaa kabisa.

Wanawake nao nikaanza kuwashuku. Kutoka dirisha la chumba cha ushonaji unaliona jengo kubwa lisilo na paa, kuta zake nyeusi. Nilipouliza ni la nini, walisema ni kiwanda cha zamani cha nyuzi, na vyerehani vyote vitatu vikasimama kwa pamoja. Wakati huo huo mkalimani alikuwa akipita nje, nao wakamtazama kwa namna ambayo waumini wetu hawajawahi kumtazama mume wangu. Nilikula chakula cha mchana siku hiyo bila kujua ninakula nini.

Mwanzoni mwa mwezi huu sikio langu likafunguka vya kutosha, nikakaa kiti cha mbele na kutega. Dada, hakuna sentensi hata moja iliyofanana! Shemeji yako alikuwa anaeleza ziwa la moto, jinsi litakavyowapokea waovu, na unajua akifika kwenye moto hana breki. Mkalimani alikuwa anawaambia watu kuwa Mungu alikaa nao kwenye lango siku ile, wala hakuondoka. Lango gani? Siku ipi? Nilitamani kusimama na kumvuta lile koti.

Nilimfuata baada ya ibada, akiwa anakunja nguo ya mimbari, nikamwambia kwa lugha yake mwenyewe kuwa nimesikia yote. Hakukana. Alikaa, akaniambia kuwa miaka mitatu iliyopita kile kiwanda kiliungua mchana kweupe milango ikiwa imefungwa kwa nje, wakafa watu arobaini na mmoja, jamaa zao wakingoja langoni. Mke wake alikuwa wa nane kutolewa. Walikuja wageni wengi wenye kamera na maswali, wakaondoka, na tangu hapo watu wa mji huu hawalizungumzi jambo hilo mbele ya mgeni. Jumapili ya kwanza alipoona somo la shemeji yako ni moto, alimwomba achague jingine. Shemeji yako akamjibu kuwa tarishi hachagui ujumbe. Basi naye akasimama mbele ya watu hao kumi na wanne, akafungua kinywa, na moto ukakataa kutoka.

Nilimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Shemeji yako aliacha ukuu wa shule, akaacha nyumba na pensheni, kwa sababu aliamini ameitwa kusema. Akijua kwamba kanisa hili lote limejaa bila kusikia hubiri lake hata moja, itamvunja, na sijui kama mimi peke yangu ningeweza kumwokota. Lakini kumdanganya mtu kila Jumapili usoni pake? Nilimpa mkalimani mpaka mwisho wa mwezi aseme mwenyewe, ama nitasema mimi. Nilimwambia kuwa mkalimani mwongo ni mwizi. Kumbuka neno hilo, dada, maana nililisema kwa kiburi.

Mwisho wa mwezi haukufika. Mapafu yalimshika, akalazwa, na Jumapili iliyopita shemeji yako akanigeukia asubuhi na kusema kwa furaha kuwa sasa Bwana amempa mkalimani wa nyumbani. Somo lilikuwa lile lile. Nilipanda mimbarini nimeapa kutafsiri neno kwa neno, watu wasikie ukweli, potelea mbali. Akasema sentensi ya kwanza, ya moto. Nikamtazama Mama Vitufe. Alikuwa ameushika mkono wake wenye kovu kwa mkono wa pili, ananisubiri, kama mtoto anayesubiri sindano.

Sikuweza, dada. Nakiri kwako, sikuweza hata sentensi moja. Niliwasimulia siku aliyofariki baba, jinsi wageni walivyokuwa wakiniambia ninyamaze, na wewe ukaja ukakaa nami sakafuni nyuma ya mlango na hukusema kitu mpaka jua likazama. Nikawaambia Mungu ninayemjua mimi ni wa sakafuni. Shemeji yako alihubiri moto dakika arobaini, na mimi nilihubiri wewe dakika kumi na tano. Kanisa zima lililia. Baadaye wanawake walinishika mikono, na kwa mara ya kwanza wakanitajia majina ya watu wao, mmoja mmoja. Mkuki kwa nguruwe: wizi nilioutangaza kwa mwenzangu nimeufanya mimi, tena kwa mume wangu, naye kasimama hatua moja kutoka kwangu.

Na sasa yeye ndiye ninayemshuku. Tangu Jumapili, mezani ananitazama, nikiinua macho anatazama chumvi. Jumanne alichelewa kurudi, viatu vyake vina majivu, na nilipouliza akasema ni makaa ya jirani, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimewasha jiko. Jana alikwenda hospitali kumwona mkalimani, akakaa saa mbili, na aliporudi akasema tu kuwa mgonjwa ana nafuu. Nisaidie kwa mawazo. Nimwambie? Naogopa, dada, naogopa kama sijawahi kuogopa.

Nakomea hapa, maana anaingia. Ananiuliza ninamwandikia nani, nimemwambia ni wewe, naye amevuta kiti na kusema ana salamu zake, niziandike neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Haya ndiyo maneno yake:

“Shemeji, salamu sana. Lugha ya huku imenishinda, isipokuwa neno moto, hilo nalijua. Kwa miezi kumi na minne nimelipigia kelele mimbarini na sijalisikia likitoka upande wa pili hata mara moja. Nilikuwa najiambia labda watu hawa wana neno jingine la moto wa jehanamu. Jumapili mkalimani wangu alikuwa mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mmoja, na uso wake naujua, haukuwa ukisema moto; kwa hiyo nimekwenda kuliona lile jengo jeusi, na jana mgonjwa akanieleza yote. Uniombee, shemeji. Jumapili ijayo nitanyamaza, huyu anayeandika haya ndiye atakayesema.”

Nimeandika kama alivyosema. Bado amekaa hapa. Wasalimie watoto na baba yao, na lile goti lipake mafuta ya moto kabla ya kulala.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa nyumba yetu.