Saa Hamsini Nyuma ya Sikio

Jumanne, 4 Februari 1986

Mdogo wangu Kichana,

Salamu nyingi. Hujambo? Mikono haijambo, na miguu ya kusimama kutwa? Shemeji naye? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo nimelizoea kama jirani mgomvi.

Nakuandikia jambo ambalo ukilicheka nitakasirika. Ni nywele.

Ofisini tumepata Meneja mpya tangu tarehe 6 Januari. Ni mtu wa tabasamu, hapandishi sauti. Wiki ya pili alisimama mbele ya meza ya Bi Faili, mwenzangu wa mapokezi kwa miaka kumi na moja, akamtazama kichwani, si usoni. Akasema, "Mama, umetumika sana. Hupendi kupumzika na kelele za wageni?" Bi Faili akadhani anapewa likizo. Jumatatu iliyofuata tulikuta meza yake imeshushwa stoo ya chini, kwenye makabrasha ya zamani. Hakuna dirisha kule. Nimeshuka mara mbili kumpelekea chai. Mara ya pili nilimsikia akiongea peke yake. Kichwa chake ni cheupe chote, wala hajawahi kukificha.

Sasa mapokezi tumebaki mimi na binti wa miaka ishirini na mbili. Jana Meneja alipita, akasimama, akanitazama pale pale alipomtazama Bi Faili. Akatabasamu, akaenda zake.

Nina miaka hamsini na tatu. Nywele zangu zinafika mabegani, nazifunga kwa nyuma kama nilivyozifunga tangu shule. Mvi ziko mbele na kwenye panja zote mbili. Nilianza kuzihesabu za kulia, nilipofika mia mbili nikaacha. Nikate? Nisuke? Nipake rangi? Wewe ndiye fundi. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, Kichana, na nataka niimalize kwenye mwanga.

Ni mimi dada yako.


Alhamisi, 13 Februari 1986

Dada Tarehe,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole na goti, na pole zaidi na huyo Meneja wa tabasamu. Nimecheka. Kasirika basi, nakungoja.

Nikwambie ninachokiona kila siku hapa kwenye kiti changu? Mwanamke akishapita hamsini, nywele si zake tena, ni za wapita njia. Akiziacha ndefu, anajitia usichana. Akizikata, wanamuuliza nani amefariki. Akisuka, "bibi naye hakubali." Akivaa wigi, watoto wanangoja upepo. Basi afadhali afanye anachotaka mwenyewe, maana kusemwa atasemwa tu.

Mimi ningekukata. Fupi, kimo cha ukucha, mvi zote nje, na hereni kubwa. Una shingo nzuri uliyoificha tangu darasa la tisa. Mimi nilijinyoa mwaka jana nilipotimiza arobaini na tano, na shemeji yako kwa siku tatu alikuwa akinisalimia kwa adabu kama mke wa mtu.

Lakini nakujua, utataka rangi. Sawa. Ila ile rangi nyeusi ya unga ina ukali wake, si ya kuchezea. Kwanza jipime. Changanya kidogo tu, paka nyuma ya sikio, upana wa kifungo cha shati. Usiguse, subiri siku mbili. Ukiwashwa, tupa pakiti nzima na uje nikukate. Usiposikia kitu, paka. Kisha niandikie, tafadhali, na usiniandikie kishairi, niandikie kikarani.

Mdogo wako mtiifu (cheka na wewe).


Jumanne, 4 Machi 1986

Mpenzi Kichana,

Habari za huko? Natumaini afya ni njema. Mimi sijambo, goti limetulia.

Umetaka kikarani. Nanakili kutoka kwenye shajara yangu.

Jumamosi 22 Februari, saa mbili kamili asubuhi, nilipaka nyuma ya sikio la kushoto. Jumatatu tarehe 24, saa mbili kamili asubuhi, siku mbili zilitimia. Nilikagua kwa vioo viwili, hakuna kitu. Saa nne siku hiyo hiyo mwasho ukaanza, na ngozi ikawa nyekundu hadi Jumatano. Yaani mwasho ulikuja saa ya hamsini, ilhali wewe ulisema siku mbili, ambazo ni saa arobaini na nane. Kwa hiyo nimefaulu, tena kwa saa mbili za ziada.

Ijumaa tarehe 28, saa kumi na moja jioni, nilipaka mbele na kwenye panja. Rangi imeshika vizuri sana. Jumapili saa tano asubuhi niliwashwa kidogo kwenye paji la uso, nikapaka mafuta.

Jana nilipoingia, Meneja alisimama tena. Safari hii alinitazama usoni. "Mama, leo umependeza," akasema. "Ndivyo mapokezi panavyotakiwa pawe." Binti akanifinya chini ya meza. Nilitamani nifurahi, na nilifurahi, lakini nilipompelekea Bi Faili chai alinitazama kichwani akasema, "Na wewe wameshakupata." Hakuinywa ile chai.

Dada yako anayekupenda.


Ijumaa, 14 Machi 1986

Dada,

Shikamoo. Huku tuko salama. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili bila kucheka.

Dada yangu, siku mbili si mstari wa mbio kwamba ukiuvuka umepewa kombe. Nilisema siku mbili kwa kuwa fundi aliyenifunza aliniambia siku mbili. Mwasho ni mwasho, uje saa ya kumi au ya hamsini. Kosa ni langu, nilikuandikia kama ninavyowaambia wateja, nikasahau naongea na mtu anayesoma hata maandishi ya chini ya kiberiti.

Usipake tena. Ziache ziote, panja zikiwa nyeupe funga kitambaa kwanza. Kama huyo bwana anataka ujana mapokezini, aweke maua.

Nijibu upesi, nipate kulala vizuri.

Ni mimi mdogo wako.


Jumatano, 26 Machi 1986

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo, na wote wa nyumbani hawajambo? Mimi naendelea vizuri.

Barua yako ilifika Jumatatu, nami nilikuwa nimeshapaka Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi, kwa kuwa mizizi ilikuwa imeanza kuchungulia. Usinigombeze. Sikiliza kwanza, maana nimegundua kitu ambacho hata fundi wako pengine hakukijua.

Nyuma ya sikio, mwasho ulikuja baada ya saa hamsini. Kwenye paji la uso, saa arobaini na mbili. Safari hii umekuja Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa ishirini tu. Nimezipanga saa hizo kwenye ukurasa mmoja nikazitazama. Kila mara zinapungua. Mgeni wa kwanza hupiga hodi muda mrefu, watu ndani wanaulizana ni nani. Akizoeleka, anafunguliwa mara moja. Ndivyo mwili wangu unavyofanya na hii rangi. Zikifika sifuri nitakuwa nimezoea kabisa.

Jumatatu kope zilivimba, jicho la kulia likawa dogo kidogo. Ni vumbi la ofisini, wanabomoa ukuta ghorofa ya kwanza. Binti naye alipiga chafya.

Habari kubwa ni hii. Jumatatu tarehe 21 Aprili wanakuja wakurugenzi. Meneja amesema siku hiyo ndiyo ataamua nani abaki mapokezi. Aliongea nasi sote wawili, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa. Basi nimepanga Jumapili tarehe 20, baada ya kula, nipake kichwa kizima, tangu mizizi hadi ncha, rangi iwe moja. Kichwa cha vipande vipande kinanisaliti kwenye taa.

Stoo ya chini wamezima taa moja kati ya mbili. Bi Faili anasema hawajamwambia kwa nini.

Dada yako.


Ijumaa, 11 Aprili 1986

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo, na mengine ya salamu nitayasema nikifika. Barua yako nimeipata leo hii mchana, nimemwacha mteja na nusu ya kichwa.

USIPAKE. Umezisoma saa zako kinyume. Mwili haumkaribishi mgeni, unamtambua mwizi. Mara ya kwanza ulichelewa kwa sababu ulikuwa haujamjua. Sasa umemjua, na kila anapokanyaga mlangoni unapiga yowe mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Zile kope si vumbi. Mwulize binti kama kope zake zilivimba.

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na mteja wa miaka mingi, mwanamke wa rika lako, mwenye nywele hadi kiunoni. Naye aliwashwa, akasema si kitu, akawashwa mapema zaidi, akasema si kitu. Mara ya mwisho hakufika hata kusuuzwa. Koo lilivimba akiwa kwenye kiti, kichwa kimejaa rangi, na gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana hakuwa na haja nalo. Fundi wangu hakugusa rangi tena hadi alipostaafu. Alikuwa akitusimulia kisa kile huku anafagia, akirudia kufagia pale pale.

Nimepiga simu ofisini kwenu leo mara tatu. Mara zote alipokea mwanamume mwenye sauti ya upole, akasema, "Simu za binafsi haziruhusiwi mapokezini, mama," akakata. Mara ya tatu nilimwambia ni suala la uhai. Akasema, "Wote husema hivyo."

Ningepanda basi sasa hivi. Lakini Jumamosi tarehe 19 nina bibi harusi na watu wake tisa, nimeahidi tangu Desemba, na wewe umesema unapaka Jumapili baada ya kula. Basi nitafunga saluni Jumamosi jioni, nisafiri, na Jumapili saa tatu asubuhi utanikuta mlangoni kwako na mkasi. Nitakukata mwenyewe. Jumatatu utaingia na kichwa chako chenyewe, na wakikushusha stoo, na wakushushe ukiwa hai.

Ile methali ya sikio na dawa siiandiki. Naogopa kuiandika.

Usishike hata pakiti mpaka nifike. Tafadhali, Dada.

Mdogo wako.


Ijumaa, 18 Aprili 1986

Mdogo wangu mpenzi Kichana,

Salamu zangu za dhati. Hujambo? Kazi zinaendaje, na yule bibi harusi wako wa kesho? Mimi sijambo.

Naona umekasirika, kwa kuwa hujanijibu barua ya tarehe 26 Machi. Au ni posta. Jana karani wa posta aliniambia magunia ya wiki mbili yamekaa kituo cha kati bila kupangwa, barua zitaanza kutolewa Jumatatu. Nikasema moyoni, kama ni kunigombeza, atanigombeza Jumatatu nikiwa nimekwisha kupendeza.

Nikupe matokeo mapya. Jumamosi iliyopita, tarehe 12, nilijaribu tena kwenye panja tu, saa nne asubuhi. Mwasho ulianza saa kumi alasiri. Saa sita, Kichana! Kutoka hamsini hadi sita. Mdomo wa chini ulijaa kidogo, hata binti Jumatatu akasema, "Shangazi, mdomo wako leo wa kupigwa picha." Jioni ile ya Jumamosi kifua kilikuwa kizito kama mtu amekikalia, nikafungua madirisha na kukaa wima mpaka kikapungua. Hewa ya mwezi huu si nzuri. Nimeiandika pia, ingawa haihusiani.

Mpango umebadilika kidogo. Meneja ametutaka Jumapili kutwa ofisini kupanga viti na kufuta vioo, hivyo nitapaka kesho Jumamosi. Pakiti mbili ziko mezani, na brashi, na mipira ya mikono, na taulo kuukuu. Saa nne kamili naanza na mizizi. Dakika arobaini na tano za kungoja, kisha nasuuza. Hapa nyumbani niko peke yangu, hakuna wa kunipigia kelele, mlango nitaufunga nisije nikafumaniwa na majirani na kichwa kilichopakwa kama sufuria.

Leo Bi Faili hakuja kazini. Meza yake chini imeshatolewa, pamebaki alama nne za miguu ya meza sakafuni. Nilimwuliza Meneja amekwenda wapi. Akatabasamu akasema, "Kwani wewe unataka kujua pako wapi?"

Nalala mapema. Shajara ya kesho nimeshaiandika leo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, maana kesho mikono itakuwa na rangi na sitaki kuchafua kurasa. Nimeandika: "Jumamosi, 19 Aprili. Nimepaka kichwa chote. Hakuna kilichotokea."

Msalimie shemeji.

Ni mimi dada yako.