Samaki Waliokosa Dalali

Garissa, Jumapili baada ya swala ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na amani iwe juu yako na juu ya wote walio uani hapo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baba Rashidi anaendelea kufundisha, Rashidi anaendelea kuota meno, nami naendelea kunenepa, ingawa baba yake anaapa kwamba haoni tofauti. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeshamgawia jirani? Na kisima kimeacha kutoa maji ya chumvi? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Barua hii nampa dereva wa lori la samaki, aitie kwenye kasha tupu la barafu anaporudi huko. Najua atakayekusomea ni Fatuma wa kaka Athumani. Fatuma mwanangu, soma polepole, na usimfiche bibi yako kitu hata ukiona aibu.

Nimelazimika kuandika kwa sababu hushiki simu. Wifi ameniambia kwamba tangu siku ile ulipozungumza na mwanamke wa Kisomali, umeizima simu, umeifungia kwenye sanduku la kanga, hata yake ukipewa huishiki, na unasema umeniharibia biashara kwa mdomo wako mwenyewe. Mama, nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Ulisikia nusu tu ya mambo. Nusu nyingine ilitokea baada ya salio kuisha, na hiyo ndiyo nataka kukuhadithia leo.

Unajua jinsi jiko langu la samaki lilivyokuwa kabla ya meli ile kumwaga mafuta huko kwetu. Walimu, manesi, madereva wa malori, hata vijana wa Kisomali waliozoea samaki Nairobi, wote walikuwa wangu mchana. Wazee wao walikuwa wakipita wakikunja pua, wananiuliza nyama imenikosea nini. Sikuwajali. Kisha mafuta yakamwagika, uvuvi ukafungwa, nami nikapika maharagwe hadi Baba Rashidi akaanza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi.

Maafisa walipopima na kusema bahari imefunguliwa, nilishangilia mapema mno. Athumani alituma kasha la kwanza pamoja na nakala ya karatasi ya serikali yenye muhuri. Nikaibandika ukutani, juu kabisa, mahali pa kuonekana na kila mtu. Watu waliisoma vizuri sana, mama. Waliisoma, wakanisifu kwa kuibandika, kisha wakaagiza chai. Kila mmoja alikuwa na picha kwenye simu yake, samaki mweusi tii, hata hajulikani alipigwa picha bahari gani. Kijana mmoja alimkaanga changu wangu kwa maneno: alimnusa, akamgeuza, akamnusa tena, akasema, "Hii inanuka betroli." Ilikuwa ndimu na kitunguu saumu, wallahi. Nilitamani kumvisha sahani kichwani.

Sasa huyo mwanamke wa Kisomali, Habiba. Anauza maziwa ya ngamia ubavuni mwa kibanda changu, yanamfikia kwa gari kutoka upande wa Modogashe. Marehemu baba yake alikuwa dalali katika soko la mbuzi, hapa nyuma yetu. Kwao mnyama hauzwi hivi hivi. Lazima awepo dalali anayemjua mwenye mnyama, mtu wa kusimama mbele ya watu na kusema huyu namjua, mbuzi wake si wa wizi, na kama ana kasoro ni hii hapa. Bila huyo unaweza kushinda na mbuzi wako juani hadi magharibi.

Siku ile wateja walikuwa wamejaa mabenchini na sahani zote ziko kabatini. Habiba akaja, akasimama mbele ya ile karatasi yangu, mikono kiunoni.

"Abaayo," akaniambia, ndivyo wanavyoitana dada kwa dada, "hii karatasi mimi sijui mama yake. Mbuzi ikikuja soko bila dalali, nani atanunua? Samaki yako dalali yake nani?"

Nikamwambia hana dalali, ana kaka yangu anayevua na mama yangu anayemwona akishuka pwani.

"Sasa si useme! Biga simu. Biga kwa mama."

Nikapiga, akaninyang'anya simu, akaweka sauti ya juu. Ndipo ukasikia mtu usiyemjua anakuuliza kama umekula samaki wa leo, kama wajukuu wamekula, na uape. Najua ulikasirika, maana ulimjibu kwa ile sauti yako ya kuulizia nani kavunja chungu. Ulisema umekula changu asubuhi, na wajukuu wamekula, na yeye ni nani hata akuapishe. Watu wakacheka. Moyo wangu ukaanza kutulia.

Kisha akakuuliza, "Hooyo, mama yangu, aibu yake iko? Kitu mbaya yake sema sasa."

Mama, ukasema kwamba hutaki kusema uongo mbele ya Mungu, kwamba samaki wa maji makuu hawana neno, lakini mikizi wa kule mikokoni wewe huwatii mdomoni wala humpi mjukuu, hata serikali ikisema nini, kwa sababu tope la kule bado linanuka. Na ukasema Athumani ametia mikizi katika kasha hilo hilo.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasikia Athumani anafoka huko nyuma, halafu salio likaisha. Hapo ndipo ulipobaki wewe na hasira za kaka yangu, ukaamini umenimaliza.

Nikusimulie kilichofuata. Habiba akanitazama, akasema neno moja: "Toa." Nikalifungua kasha, nikawatoa mikizi wote mbele ya watu, nikawapeleka shimo la taka nyuma ya choo, nikawafukia. Niliporudi nilimkuta amepanda juu ya kreti la soda, anawahutubia.

"Mumesikia kwa masikio yenu? Mama amesema aibu ya samaki ya mtoto wake! Mtu akikuambia mbuzi yangu hii jicho yake mbaya, ile ingine nunua, usiogobe. Hii iliyobaki mimi nasimamia. Mimi, Habiba."

Mzee mmoja akamuuliza atasimamiaje kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukitia kinywani. Maana Habiba hali samaki, mama, anasema ni nyoka wa maji. Akamgeukia, "Baba yangu alisimamia bunda mingi sana hapa soko. Wewe uliona amekula bunda?"

Punda, mama! Walicheka hadi chai zikamwagika. Na walikula! Si wote. Yule kijana wa petroli hadi leo haonekani, na mwalimu mmoja wa shule ya Baba Rashidi bado anakula wali mtupu huku anatazama sahani za wenzake. Lakini kasha lile liliisha siku hiyo hiyo. Nilifurahi, mama, nilifurahi mno, nikatafuta salio nikupigie, kumbe simu yako imeshaingia sandukuni.

Tatizo ni kwamba wameshazoea. Wiki iliyopita kasha jingine liliposhuka, hakuna aliyeuliza bei wala aliyeitazama karatasi. Waliuliza, "Mama amesemaje leo?" Ningeweza kuwaambia umesema hawana neno, nani angejua? Ulimi ulinijia kabisa. Lakini Habiba alikuwa ameweka jina lake pale, nikasema sijaongea nawe. Wakanywa chai, wakaondoka. Samaki wale nimewatia chumvi, nimewaanika juu ya bati, na paka wa mtaa mzima sasa ni wageni wangu. Likija kasha jingine bila neno lako, sina budi kulifunga jiko hili, na nimelipenda, mama. Nimewapenda na watu wake.

Usimkasirikie Athumani. Nyavu zake zilikaa kavu siku nyingi, alitaka kuziba pengo. Nimeshaongea naye, hatatia mikizi tena.

Nisalimie wifi kwa kunipa habari, na baba mdogo mwenye mashua, mwambie naomba asivute sigara karibu na samaki wangu. Shangazi wa kisimani nimemtumia doti ya kanga, ataipata kwa dereva huyu. Rashidi anambusu bibi yake. Habiba anakusalimu, anasema yeye sasa ni binti yako na hakukuomba ruhusa.

Lori litaingia Jumatano asubuhi, siku ya mnada, watu watakuwa wengi. Habiba atapiga kabla hatujafungua kasha. Shika simu, mama. Samaki wakiwa wazuri, sema. Wakiwa wabaya, sema wabaya, wote wasikie, nami nitawafukia na kurudi kwenye maharagwe. Usinionee huruma.

Mwanao,
Mishi