Marwa Bado Yuko Misheni

Jumapili, 1 Machi

Kanisani. Kufua. Ugali wa mtama, watoto kuoga. Marwa kapiga saa kumi kama kila Jumapili, kwa intaneti, namba ile ile ya misheni. Joto kali, anasema, vumbi, jenereta limekufa. Nikamwuliza yale ya redioni: mataifa makubwa hayajatoa michango yao, hela ya kulinda amani imepungua, askari wanapunguzwa. Akasema kikosi chao hakiguswi. Akageuza mazungumzo haraka mno. Akauliza bei ya mahindi. Tangu lini mume wangu akauliza bei ya mahindi?

Jumatano, 4 Machi

Sirari, kununua zipu na nyuzi. Sare za shule zimekaa siku mbili hazishoneki kwa kukosa zipu nyeusi. Kwa wauza vitambaa nikakutana na Wankuru. Mume wake yuko kikosi kimoja na Marwa. Ananunua kitenge, anacheka na kila mtu. Nikamtania, mzee kakutumia nini mwezi huu? Akasema si kutuma, amerudi, wiki ya pili sasa yuko nyumbani. Wamepunguzwa. Nikauliza, na Marwa? Kicheko kikakatika. "Muulize mwenyewe, mama Nyangi." Akalipa akaondoka bila kuchukua chenji. Mtu gani anaacha chenji Sirari? Machale yakanicheza. Nimefika nyumbani na zipu za kahawia badala ya nyeusi.

Ijumaa, 6 Machi

Sikungoja Jumapili. Nilimpigia mwenyewe mchana. Akapokea kwa kunong'ona. Nikasikia ng'ombe analia, kisha mwanaume anafokea ng'ombe kwa Kikurya. Kikurya! Nikauliza ni nani huyo. Eti mwenzao mmoja wa Tarime, anaigiza kuwachekesha wenzake. Na ng'ombe naye anaigiza? Akasema mtandao unakatika. Ukakatika kweli.

Mama mkwe anajua kitu. Asubuhi nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia huku anatazama kuku. Wananizunguka hawa. Wote.

Jumapili, 8 Machi

Hakupiga.

Mchana alipita dalali wa ng'ombe, ametoka mnadani Mugumu. Akanipongeza. Kwa lipi? Eti shemeji yangu Mwita, ndugu yake Marwa anayekaa Natta, amenunua ng'ombe wanne, mitamba mizuri, na hela ni ya Marwa. Nikajifanya nilikuwa najua. Hata nilicheka.

Mwanaume anakusanya mitamba kimya kimya, kwa ndugu yake, mbali na mke wake. Huku kwetu hata mtoto wa darasa la pili anajua maana yake. Mahari. Anaoa. Na desturi ni mke mkubwa aambiwe, mimi hata neno moja. Halafu baba yangu anamdai ng'ombe sita wa mahari yangu mpaka leo, mwaka wa tisa huu! Wangu hawajaisha, ananunua wa mwingine. Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Jumatatu, 9 Machi

Nilikwenda kwa baba. Nikamwaga yote. Amerudi, amejificha Natta, ana ng'ombe wanne, anaoa. Nililia mbele yake bila aibu. Baba hakunipa pole. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nina hakika Marwa amekanyaga nchi hii. Nikasema ninayo. Akamwita mdogo wangu Chacha, wakaenda kuongea zizini. Chacha anatafutiwa mke mwaka huu. Lakini kwa nini zizini? Kwa nini si mbele yangu?

Jumatano, 11 Machi

Natta. Magari mawili na bodaboda, mvua njia nzima. Matusi yangu niliyapanga tangu Mugumu. Nikamkuta Marwa ndani ya zizi la Mwita, miguu peku, ananyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Amekonda. Mwanamke hayupo. Nilimtafuta, sioni haya kusema. Niliingia mpaka chumbani kwa mke wa Mwita nikafunua pazia.

Akanikalisha kwenye gogo, akaongea. Kumbe kabla hajaondoka kwenda misheni baba yangu alimwita, mimi sijui. Akamwambia siku atakayorudi alete ng'ombe sita au arudishe binti, maana Chacha lazima aoe, na ataoa kwa ng'ombe wa dada yake. Mtu aliye misheni hadaiwi. Ukoo wote unamsubiri arudi. Marwa alipiga hesabu ya posho ya mwaka mzima. Wakapunguzwa katikati ya mwaka, na posho ya miezi ya mwisho haijaingia kwa sababu misheni yenyewe haina hela. Alizopata zilitosha wanne. Basi akaamua likizo yake aimalizie Natta, aendelee kuwa misheni mpaka posho iingie anunue wawili. Mama yake alijua. Wankuru na mumewe waliombwa wanyamaze.

Ng'ombe walikuwa wangu. Wa kwangu mimi.

Nikamwambia nimeshamwambia baba. Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Alichukua bomba lake la dawa akarudi kwa ng'ombe wa tatu.

Jumamosi, 14 Machi

Marwa aliwaleta wanne jana, hakuna tena cha kuficha. Leo asubuhi baba akafika na wazee wawili wa ukoo. Wamewachukua. Marwa akaomba miezi mitatu kwa wawili waliobaki. Baba akasema sawa, atasubiri, ila mimi nitasubiria kwake. Nikasema sitaki. Hakuna aliyenigeukia. Mama mkwe alilia kwa sauti. Mjinga mimi, wiki nzima nilimwona mchawi. Cherehani nimeifunga kwenye pikipiki. Watoto wamebaki, watoto ni wa kwao, ndivyo ilivyo, na inaniuma. Nyangi aliuliza narudi lini. Nikasema Jumapili. Nimemdanganya.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Nimeshona gauni la mama, nimelifumua, nimelishona upya.

Chacha amepata mchumba. Watu wa binti walikuja jana kuwaangalia ng'ombe wanne. Wamewapenda.

Marwa amepiga. Likizo imeisha, yuko kambini. Alipita nyumbani kwanza, watoto wazima, Nyangi ameng'oka jino. Posho bado, na hakuna anayejua lini. Kuna misheni nyingine inaandika majina. Hiyo hela yake ipo, ila watu hawajitokezi, ni pabaya. Akauliza aandike au aache.

Nikamwambia aandike. Sikumwuliza ni nchi gani.