Mbwa Anachechemea, Mume Anatafuta Sindano

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijapasuka, maana nacheka huku nalia. Mimi ni fundi cherehani, nina mbwa wa miezi minane anayeitwa Kifungo, na mbwa huyu, mshauri, anaruka! Nilianza kwa kulaza fimbo ya pazia juu ya vigoda viwili uani, akaipita masikio yakipepea, nami nikapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi, lakini wifi yangu msusi, ambaye mbwa wake ana kikombe cha mashindano ya kuruka viunzi, akasema, "Wifi, hako kajibwa kako kataishia kulalia vitambaa," basi mori ukanipanda, nikamwandikisha Kifungo mashindano ya Jumamosi, na kwa kuwa sare za shule huwa nazikata kubwa ili mtoto akikua azifikie, nikaona fimbo nayo niipandishe, ataifikia tu, na mvua iliponyesha tukahamia ndani kwenye vigae, na huko ndiko alikotua vibaya, akateleza mpaka chini ya meza ya kukatia, akatoka anatikisa mkia lakini anachechemea mguu wa mbele. Mume wangu alipouliza nikasema amekanyaga sindano. Leo siku ya tatu mtu mzima anatambaa sakafuni na sumaku, ameshapata sindano kumi na moja, na kila moja ananiita, "Mke wangu, ndiyo hii?" Nampenda mno huyu mbwa, lakini nikijitoa wifi atanicheka mpaka mwakani. Jumamosi niende?

Fundi Mwenye Aibu

Fundi,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikakasirika. Usiende. Sare unaweza kuikata kubwa kwa sababu kitambaa hakiumii. Mifupa ya Kifungo bado inakua, nawe unaipandishia fimbo eti ataifikia, tena kwenye vigae! Huyo anaruka kwa sababu anakupenda. Ungeiweka fimbo juu ya paa, angejaribu.

Leo hii, siyo kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo na useme ukweli, asije akapoteza muda kutafuta alama ya sindano mguuni. Akipona, fimbo ilale chini kabisa, aivuke kwa kutembea, kwenye nyasi kavu, dakika tano tu, na uache angali anataka zaidi. Kuruka kwenyewe kungoje mpaka daktari aseme mifupa imekomaa. Halafu wewe si fundi? Mshonee handaki la kitambaa akimbie ndani yake hadi achoke kufurahi! Tuone kama wifi ana la kwake.

Wifi mwenyewe mfuate, umwambie, "Nimekosea, nifundishe." Atacheka, ndiyo. Akishamaliza, muulize mbwa wake alianza kuruka akiwa na umri gani. Jibu lake litakufaa kuliko kikombe.

Na kabla hujaikunja barua hii, nenda chumba cha kushonea ukamwambie mume wako ainuke. Hiyo sindano haipo.