Kuku wa Meya na Viatu Namba Thelathini na Tano

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naanza na hasara yenyewe kwa sababu mimi si mtu wa kuzunguka: nimempoteza binti yangu wa ubatizo, Evdokia, miaka kumi na miwili, Jumapili ya Matawi, saa saba na dakika ishirini mchana, mlangoni kwa baba yake, nikiwa nimeshika mshumaa wa Pasaka wenye utepe wa bluu mkono mmoja na boksi la viatu vipya mkono wa pili, kama mama yeyote wa ubatizo, nona kwa Kigiriki, anavyotakiwa kila mwaka.

Unanijua, hata kama hunipendi. Mimi ndiye yule mwanamke wa dirisha la juu kushoto kwenye kipindi cha siasa cha asubuhi, kile cha watu sita wanaopigiana kelele, kila mmoja kwenye dirisha lake. Nimekaa hapo miaka tisa, vipindi elfu moja mia nne na kumi, na sijaomba radhi hata mara moja, kwa sababu nimepima: mwanasiasa akiomba radhi anashuka alama tatu kwenye kura za maoni ndani ya wiki, na mchambuzi akiomba radhi haalikwi tena. Na dirisha hilo sikurithi kwa mtu. Baba yangu alikuwa na mkahawa wa viti ishirini, mji mdogo mwendo wa saa moja kutoka Larisa, nikajifunza siasa kwa kuangalia nani anamnunulia nani kahawa, nikaanza kubandika mabango nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaendesha kampeni kumi na nne, nikashinda kumi na moja, na mbili kati ya hizo ni za Argyris, meya wetu, kumbaro wangu nami kumbara wake, maana mimi ndiye niliyesimamia ndoa yake kabla ya kumbatizia mwanawe. Ya kwanza tulishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili, na mpaka leo naweza kukutajia zilitoka nyumba zipi.

Basi mwaka huu Argyris akachukua mshauri mwingine, bwana mmoja wa Athens mwenye miwani nyekundu, bila hata kunipigia simu, nikaambiwa na muuza magazeti, na wiki tatu zilizopita mtangazaji akaniuliza hewani, "Huyo meya wa kwenu atapita tena?" nami nikajibu, "Huyo? Huyo hotuba zake anazifanyia mazoezi kwenye banda la kuku, na asilimia sitini ya kuku bado hawajaamua," studio nzima ikacheka, kipande kikatazamwa mara laki nne, na ni kweli, mshauri, ukiacha hiyo asilimia kila neno ni kweli, maana Evdokia mwenyewe ndiye aliyenieleza Krismasi, tukimwagia biskuti asali jikoni kwao, kwamba baba yake anaogopa umati na huanza na kuku ili azoee kutazamwa.

Jumapili hiyo aliyefungua mlango ni mama yake, Chrysa. Samaki wa sikukuu ananukia huko ndani. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kumbara, umekuja peke yako au na kamera?"

"Nimekuja na mshumaa. Niitie mtoto."

"Mtoto siku hizi anaitwa Kuku. Shule nzima. Mwite wewe, labda kwako ataitika."

Evdokia akatoka mwenyewe. Hakulia, na angelia ningejua la kufanya. Akapokea boksi, akachungulia ndani, akanirudishia. "Namba thelathini na tano, Nona. Havinienei." Halafu akautazama mshumaa. "Na huo mpelekee mtangazaji wako." Mlango ukafungwa.

Hayo ya viatu ni kisingizio cha mtoto, tuyaache. Swali langu ni moja. Jumatano hii kipindi kinataka turudi kwenye habari ya kuku, na Argyris amealikwa, dirisha kwa dirisha. Usiku wa Jumamosi Kuu mtoto huyo atawasha mshumaa kanisani, na sitaki awashe ulionunuliwa na mtu mwingine. Nimrudisheje bila kuomba radhi hewani? Nataka jibu la moja kwa moja, gazetini, kabla ya Jumatano saa mbili asubuhi, maana saa mbili na robo niko hewani.

Dirisha la Juu Kushoto,
Thessaloniki

BI URANIA ANAJIBU

Pole, dada. Naitoa sasa kwa sababu mbele huko sitaitoa tena.

Umenimwagia namba mpaka nikachukua kalamu. Kati ya zote, iliyokosewa ni moja tu, na ndiyo hiyo unayotaka tuiache. Hakikuwa kisingizio. Mtoto wa miaka kumi na miwili anakua! Unajua kila nyumba iliyompa baba yake kura, na hujui mguu wa binti yako umefika wapi. Ningekuwa yeye, boksi ningekurushia.

Na uache kuniambia ni kweli. Nani kakuuliza? Neno hilo ulipewa jikoni, mikono ina asali, na mtoto anayempenda baba yake na aliyedhani wewe pia unampenda. Ukalichukua ukampiga nalo baba kwa sababu ya miwani nyekundu. Argyris kukuacha bila simu ni utovu wa adabu, hapo niko upande wako. Nenda mezani kwake ukampigie kelele mpaka vikombe vitikisike. Lakini huo ni ugomvi wa watu wazima wawili, mtoto anaingiaje?

Jumatano nenda kwenye dirisha lako. Kuku usiwataje, mtoto usimtaje. Sema hivi: "Wiki tatu zilizopita nilimsema meya kwa neno nililoaminiwa nyumbani kwake. Nimekosa, naomba radhi." Halafu nyamaza, najua itakuwa mara yako ya kwanza. Ulichomvunjia mtoto mbele ya watu laki nne huwezi kumtengenezea kwa kunong'ona mlangoni. Alama tatu zikishuka, zishuke. Wewe unagombea nini? Wasipokualika tena, asubuhi utalala.

Ukitoka studio, mpigie Chrysa. Atakutukana, mwache amalize. Kisha muulize namba ya viatu. Usikisie, usiongeze mbili ukadhani umepata. Alhamisi Kuu endesha gari mwenyewe, uwakute wakipaka mayai rangi nyekundu, vaa aproni, siasa iache garini. Akiukataa mshumaa tena, uweke kizingitini, na mwakani urudi na mwingine. Nona hajiuzulu.

Umenidai jibu kwa saa, nami nakudai la kwako. Jumatano, kabla ya saa sita mchana, niletee ujumbe hapa gazetini. Sitaki maelezo wala asilimia. Evdokia anavaa namba ngapi?